Uzi: Kamera nne zilimwona mwizi, hakuna hata moja iliyoona sura yake

mwenye_nyumba:

Wakuu, salamu kwenu nyote. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mwaka juzi watu wawili waliruka ukuta wa kwangu saa nane usiku, wakakata kufuli la stoo, wakaondoka na pampu ya maji, baiskeli za watoto na vifaa vyangu vyote vya kazi. Sisi tulikuwa ndani tumelala. Nilikuwa na kamera nne, zote nzima, zote zinarekodi. Asubuhi niliketi mbele ya skrini nikiwa na uhakika kwamba leo nitawajua. Nikaona kofia mbili kutoka juu, mabega, mikono imebeba vitu vyangu, na pale mmoja alipoinua kichwa, uso wake ukawa doa jeupe kama taa. Afisa wa polisi aliyekuja alirudia picha ile mara tatu, kisha akauliza: "Hii saa ni ya kweli?" Haikuwa ya kweli. Rekoda ilikuwa nyuma kwa dakika 47 na sikuwahi kuikagua. Jirani alikuwa amenasa pikipiki ikipita, lakini saa zake na zangu hazikukubaliana, tukabaki kukisia.

Hilo liliniuma kuliko mali iliyokwenda. Watoto walikuwa wamezoea kuambiwa "laleni, kuna kamera".

Tangu siku hiyo nimesoma, nimewasumbua mafundi, nimeng'oa na kufunga upya kila kitu kwa mikono yangu. Ninachotaka kuwaambia ni hiki: kabla hujanunua kamera, simama mahali utakapoifunga ujiulize itajibu swali gani. "Kuna mtu uani?" ni swali moja. "Mtu huyo ni nani?" ni swali jingine kabisa, na kamera inayojibu vizuri la kwanza mara nyingi la pili hailiwezi. Zangu zote nne zilikuwa za swali la kwanza.

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo wengi tunauziwa maneno. Kuna kiwango cha kimataifa, IEC 62676-4, ambacho toleo lake la 2014 linahesabu pikseli, yaani nukta zinazounda picha, zinazoangukia kila mita moja ya upana wa eneo unalolitazama. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kuna mtu. Zikiwa 125 utamtambua mtu unayemfahamu tayari. Mgeni ambaye hujawahi kumwona anahitaji 250. Sasa chukua kamera ya kawaida ya 1080p, yenye pikseli 1920 kwa upana, gawanya kwa 250. Unapata mita 7.7. Picha ikitanuka kupita upana huo, sura ya mgeni huipati tena. Na kamera nyingi za nyumbani huja na lenzi ya milimita 2.8, inayotazama takriban digrii 100. Kwa lenzi hiyo upana wa mita 7.7 unaufikia ukiwa mita 3 na kidogo tu kutoka kwenye kamera. Mwizi akisimama mita 10, ulichonacho ni umbo linalotembea.

Kamera ya 4K ina pikseli 3840 kwa upana, kwa hiyo umbali unakuwa mara mbili, mita 6 na ushee. Lakini lenzi inaweza kukupa zaidi ya hapo: ya milimita 6 hubana picha hadi digrii 50 hivi, na 1080p ileile ikaona sura mpaka mita 8. Unachopoteza ni pembeni. Muuzaji akikwambia "hii inaona uwanja wote", muulize inaona sura mpaka wapi.

Halafu kimo. Hili ndilo kosa langu kubwa. Fundi alizifunga chini ya paa, mita 4.5 kutoka ardhini, ili zisifikiwe. Mtu akisimama mita 3 kutoka ukutani, uso wake uko kwenye kimo cha mita 1.6 hivi, basi kamera inamtazama kwa pembe ya digrii 44 kwenda chini. Kofia yoyote yenye ukingo inamficha. Ishushe hadi mita 2.4 na pembe inakuwa digrii 15. Nimejaribu mwenyewe nikiwa na kofia ya aina ileile niliyoiona kwenye picha: kwa kimo cha kwanza sionekani, kwa kimo cha pili naonekana mpaka kidevu.

Nilipokuwa nasoma nikakutana na habari ya Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa huko Queens, New York. Mwaka 1966 yeye na mumewe Albert, aliyekuwa fundi wa elektroniki, waliomba hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) ya mfumo wa kulinda nyumba kwa kamera, wakaipata Desemba 1969. Mlango wao ulikuwa na matundu manne kwa vimo tofauti, na kamera ikipanda na kushuka nyuma yake, ili mgeni awe mrefu au mfupi, uso wake uonekane kwenye skrini iliyokuwa ndani. Kulikuwa na maikrofoni ya kuongea naye, na swichi ya kufungua mlango kutoka mbali. Mama huyu alikuwa akibaki peke yake nyumbani, alitaka kujua nani yuko mlangoni, akaiweka kamera usawa wa uso. Miaka zaidi ya 50 baadaye sisi tunaitundika chini ya paa.

Usiku. Kamera nyingi huwasha taa za infraredi ambazo jicho halizioni vizuri. Ile doa jeupe kwenye uso wa mwizi wangu ilikuwa hiyo: mwanga ulirudi kutoka kwenye ukuta mweupe pembeni na kwenye kingo za paa, ukaingia kwenye lenzi na kutandaza weupe juu ya picha, na mtu alipozikaribia taa hizo uso wake ukapauka kabisa. Nikaivuta kamera mbele ili lenzi isione ukingo wa paa wala ukuta wa jirani, tatizo likapungua sana. Kuna taa za mawimbi ya nanomita 850, ukizitazama gizani unaona wekundu hafifu, na za 940 ambazo hazionekani kabisa lakini mwanga wake haufiki mbali. Utando wa buibui mbele ya lenzi unang'aa kuliko mwizi, kwa hiyo kitambaa cha kufutia ni sehemu ya ulinzi.

Kingine cha usiku ni mwendo. Gizani kamera hujiongezea mwanga kwa kuacha shata, kile kilango cha mwanga, wazi muda mrefu. Ikiwa wazi kwa sehemu moja ya 12 ya sekunde, mtu anayekimbia mita 3 kwa sekunde anasogea sentimita 25 kabla picha moja haijakamilika. Sura inakuwa ukungu. Ukiilazimisha kuwa moja ya 100, anasogea sentimita 3. Ila sasa picha itakuwa giza, hivyo lazima umpe mwanga, na hapo ndipo nilipogundua kwamba taa nyeupe ya kawaida inayowaka mtu anapopita ilinisaidia kuliko kamera mpya. Inampa kamera rangi za nguo, inakuamsha wewe, inamwamsha na jirani.

Hifadhi nitaipitia haraka. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde inajaza gigabaiti 43 kwa siku. Nne zinakula karibu 173. Diski ya terabaiti 2 itakupa siku 11 na ushee, kisha inaanza kufuta za mwanzo. Ukisafiri wiki mbili, hesabu hiyo ifanye kabla ya kuondoka. Mfumo wa kubana video uitwao H.265 hupunguza mzigo karibu nusu ukilinganisha na ule wa zamani wa H.264, kwa hiyo angalia kama rekoda yako inao.

Rekoda yenyewe usiiweke chini ya televisheni. Anayeingia ndani anaiona kabla hajaona kitu kingine, anaibeba, na ushahidi unaondoka naye. Yangu sasa iko kwenye kabati lenye kufuli, chumba ambacho mgeni hana sababu ya kuingia, na kamera ya mlangoni hutuma nakala nje ya nyumba papo hapo. Saa nimeiunganisha na intaneti ijirekebishe yenyewe. Rekoda na ruta, kile kifaa cha intaneti, vyote viko kwenye betri ya akiba. Kuna wanaosahau ruta, umeme ukikatika rekoda inaendelea lakini simu haipokei kitu.

Na mwisho kwa upande wangu: kamera haimzuii mtu mkononi. Mwaka 2019 watafiti Piza, Welsh, Farrington na Thomas walichapisha mapitio ya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za CCTV, nyingi zikiwa za maeneo ya umma. Uhalifu ulipungua kwa asilimia 13 hivi kwa jumla, na manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwenye maegesho ya magari. Walichokiona ambacho kwangu ndicho cha maana ni kwamba palipokuwa na mtu anayetazama na kuchukua hatua, na palipokuwa na hatua nyingine pamoja na kamera, matokeo yalikuwa bora. Kufuli la stoo yangu lilikatwa kwa sekunde 15, nimehesabu kwenye picha. Ningeanza na kufuli.

Karibuni, ulizeni.

mpangaji_mpya:

Mkuu haya ni madini matupu. Pole sana kwa yaliyokukuta. Swali langu: mimi nimepanga, siruhusiwi kutoboa kuta. Nimeshauriwa nichukue kamera za waifai zenye betri ndani. Zinafaa au natupa pesa?

mwenye_nyumba:

Asante mkuu. Zinafaa ukijua udhaifu wake. Kamera ya betri muda mwingi imelala. Inaamshwa na kihisi cha joto la mwili, na kati ya kuamshwa na kuanza kurekodi kuna kitambo. Mtu anayepita haraka unaweza kumpata mgongo tu. Kihisi hicho kinamwona vizuri mtu anayekatiza mbele yake, kutoka kushoto kwenda kulia, kuliko anayekuja moja kwa moja kuelekea kwake. Kwa hiyo usiielekeze moja kwa moja kufuata njia, iweke pembeni ili anayekuja akatize.

Kuhusu waifai, kuta nene zinapunguza mawimbi, na ya gigahezi 2.4 inapenya vizuri kuliko ya gigahezi 5. Pia mawimbi yanaweza kuvurugwa na mtu mwenye kifaa cha kufanya hivyo. Hakikisha kamera ina memori kadi ndani, ili mtandao ukipotea iendelee kuandika. Siku utakapokuwa na kwako, vuta waya. Waya mmoja wa mtandao unabeba picha na umeme pamoja, mpaka mita 100.

fundi_waya:

Uzi mzuri, ila kwenye kimo napingana na wewe kidogo. Nafunga kamera muda mrefu sasa. Ukiishusha mita 2.4, mtu akiwa na fimbo anaigeuza itazame angani, akiwa na rangi ya kupuliza ameimaliza. Nimeitwa mara nyingi kwenda kurudisha kamera za namna hiyo.

mwenye_nyumba:

Hapo una haki mkuu, na nashukuru umelisema. Mimi nilichofanya: ya mlangoni iko chini, ya pembe ya nyumba iko juu na inaitazama ile ya chini. Anayetaka kuigusa ya chini lazima aisogelee, na akiisogelea sura yake imeshanaswa na nakala imeshatoka.

fundi_waya:

Hiyo nakubali. Basi nami niongeze ya kwangu kwa wanaojifungia wenyewe. Waya ukiingia ukutani, uache ulegee kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya hadi ndani. Viunganishi vya nje viwekwe kwenye boksi, visining'inie. Kamera nyingi ninazoambiwa "zimekufa" ni kutu kwenye kiunganishi. Na soma namba ya IP kwenye boksi la kamera, ile ya kuhimili vumbi na maji, si ya mtandao: 66 inahimili maji yanayopigwa kwa nguvu, 67 inahimili hata kuzama mita moja kwa nusu saa. Ya ndani usiifunge nje hata kama kuna kibaraza.

mama_wa_pacha:

Naomba kuuliza na mimi. Kaka yangu anasema kamera za kuonekana kwenye simu ni hatari, watu wanaingia na kukuangalia ndani. Nina watoto wachanga na dada anayenisaidia kazi. Ni kweli au ni maneno ya kutisha?

mwenye_nyumba:

Ni kweli dada, na inazuilika. Mwaka 2016 programu haramu iliyoitwa Mirai ilivamia kamera na rekoda nyingi mno duniani. Haikuwa na ujanja mkubwa. Ilikuwa na orodha ya majina na nywila 60 na kitu, zile zinazotoka kiwandani, ikizijaribu moja moja kwenye kila kifaa inachokikuta intaneti. Watu hawakuwa wamebadilisha. Oktoba 21 mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti wanazozitafuta, na tovuti kubwa zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Wenye kamera wengi hawakujua kwamba kifaa cha ukutani kwao kilishiriki.

Kwa hiyo siku ileile unapofunga, badilisha nywila, iwe ndefu na usiitumie pengine. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye programu ya simu. Sasisha programu ya kamera, na ukiona mtengenezaji ameacha kutoa masasisho, usiinunue hata ikiwa nzuri kiasi gani. Fundi akimaliza kazi, ondoa akaunti yake. Mwambie mbele yake, fundi mwema haoni vibaya.

fundi_waya:

Sioni vibaya hata kidogo. Mimi mwenyewe huwaambia wateja wabadilishe nikiwa bado nimesimama pale. Sitaki siku moja kuulizwa.

mama_wa_pacha:

Asanteni. Na ndani je? Nilitaka kuweka sebuleni na chumba cha watoto.

mwenye_nyumba:

Hapa nitasema ninavyoamini. Ndani weka kwenye njia, kama korido au mlango wa nyuma, uache vyumba vya kulala na bafu kabisa. Picha ambayo haijapigwa haiwezi kuvuja. Kama chumba cha watoto ni lazima kwa sababu ya wachanga, tumia kile kifaa cha kusikilizia mtoto kisichounganishwa na intaneti. Na dada wa kazi mwambie waziwazi kamera ziko wapi na zinaona nini. Naye ni mtu, anaishi hapo, ana haki ya kujua ni wapi anatazamwa. Chumba anacholala kisiwe na kamera kwa sababu yoyote.

Jirani pia. Mwaka 2014 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mwenye nyumba wa Czech ambaye kamera yake ilikuwa ikinasa na barabara ya umma. Madirisha yake yalikuwa yamevunjwa, sababu yake ilikuwa nzuri. Bado mahakama ilisema kamera inayotazama nje ya mipaka yako haihesabiki tena kuwa jambo la nyumbani tu, inaingia kwenye sheria ya taarifa binafsi za watu. Kila nchi ina sheria yake, uliza ya kwako. Lakini kamera nyingi zina sehemu ya kufunika eneo kwa rangi nyeusi, mimi nimefunika dirisha la jirani yangu kisha nikamwita aje aone. Kuanzia siku hiyo anapiga simu akisikia mbwa wangu wanabweka.

mpita_njia:

Swali fupi wakuu. Kamera bandia zile zenye taa nyekundu inayomweka, zinatisha wezi?

fundi_waya:

Taa nyekundu inayomweka ndiyo inayomwambia mzoefu kwamba ni bandia. Nyingi za kweli hazimweki. Pesa hiyo tia kwenye komeo.

mpangaji_mpya:

Narudi na mrejesho mkuu. Nimechukua moja ya betri, nimeiweka juu ya fremu ya mlango kwa gundi ya pande mbili, kimo mita 2.1. Jana usiku nimemwambia mdogo wangu avae kofia aje kama anataka kuingia kimyakimya. Mara ya kwanza nimepata mgongo wake, kama ulivyosema. Nikaisogeza hadi pembeni mwa fremu hiyo, iione ngazi kwa ubavu badala ya kuitazama moja kwa moja. Mara ya pili nimempata akiwa ngazi ya tatu, uso mzima. Ila uso una weupe upande mmoja.

mwenye_nyumba:

Safi sana. Weupe wa upande mmoja ni mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu kilicho karibu na lenzi upande huohuo, nadhani ni fremu ya mlango. Isogeze sentimita 10 mbali na fremu, au igeuze kidogo mpaka fremu isionekane kabisa kwenye picha. Kisha mrudishe mdogo wako, saa ileile ya usiku, na taa ya ngazi ikiwa imezimwa.